Kiti cha Pili

Saa nne asubuhi ilimkuta Daktari amekaa upande usio wake wa meza.

Miaka kumi na miwili alikuwa akikaa upande wa dirisha, koti jeupe, kalamu mfukoni, miwani kwenye ncha ya pua. Leo alikuwa upande wa mlango, kwenye kiti cha wagonjwa, na wala hakupanga. Aliingia, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa hicho. Kando yake palikuwa na kiti kingine, kitupu, na hicho ndicho kilichokuwa kikimtisha.

Kiti hicho alikiweka mwenyewe. Zamani, alipokuwa ndiyo kwanza anaanza utafiti, aliwatembelea wagonjwa majumbani wiki moja baada ya kuambiwa kuwa wana saratani, akawauliza wanakumbuka nini. Walioambiwa wakiwa peke yao walikumbuka neno lenyewe na rangi ya pazia. Jina la dawa, tarehe ya kurudi, hata kwamba kulikuwa na matumaini, vyote vilikuwa vimewapita. Akawasumbua wakubwa wa hospitali mpaka wakasalimu amri: hakuna mgonjwa atakayesomewa majibu bila mtu wake kukaa pembeni. Kila fomu ya kipimo cha kinyama, kile kipande kidogo kinachotolewa mwilini kutafutwa saratani, ikawa na mstari wa msindikizaji, jina lake na uhusiano wake, na mstari usipojazwa bahasha ya majibu haitoki. Wauguzi waliuita mpango huo kiti cha pili. Ndio uliompa Daktari sifa, mialiko ya mikutano, na wodi nzima ya tiba shufaa, ambako maumivu na hofu ya mgonjwa hutibiwa tangu siku ya kwanza, sambamba na ugonjwa wenyewe.

Sasa zamu ilikuwa yake, na ule mstari alikuwa ameuacha mtupu.

Uvimbe aliugundua bafuni, siku kumi na saba zilizopita. Titi la kushoto, karibu na kwapa, mgumu, hauumi. Angeukuta kwa mgonjwa angejua la kufanya kabla hata hajanawa mikono. Kwake yeye akaurudia kuupapasa mara ishirini, akitarajia kwamba ya ishirini na moja hautakuwepo. Hatimaye akaenda kwa daktari wa upasuaji mwenye kliniki ndogo upande wa pili wa mji, akadungwa sindano nene, akatoka na kichupa chenye kinyama chake mwenyewe ndani ya mkoba.

Hapo ndipo alipofanya kosa. Mtu aliyejua kusoma vinyama kuliko wote pale hospitalini alikuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyemvisha pete. Hakutaka mwingine asome, kwa kuwa hakumwamini mwingine. Hakutaka huyo ajue anamsoma nani. Basi akabandika kwenye kichupa namba ya utafiti wake mwenyewe, arobaini na moja, akakipenyeza katikati ya vichupa vingine, akaondoka akijipongeza kwa ujanja. Akili yake yote ya kisomi siku hiyo ilikuwa imekwenda likizo.

Akasikia viatu kwenye korido. Kimoja kilikuwa kikikwaruza sakafu, na hakuna mtu mwingine aliyetembea hivyo. Daktari aliruka, akazunguka meza, akakaa dirishani na kufungua faili la kwanza lililomjia mkononi.

"Hodi."

"Karibu."

Wauguzi walimwita Bwana Vioo, kwa kuwa maisha yake yalipita juu ya vioo vidogo vya hadubini. Mrefu, mpole, vidole vyenye madoa ya zambarau yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Kwa watu wengine aliongea kwa kuhesabu maneno. Akiwa na Daktari hakufunga mdomo. Alisukuma mlango kwa kisigino, mkononi ameshika bahasha ya kahawia.

"Umelala kweli wewe? Macho yako mekundu."

"Nimelala."

"Muongo. Jana nimekupigia mara tatu, simu inaita mpaka inachoka. Wiki nzima unanipiga chenga. Haya, nimekuja kikazi kwanza. Kimapenzi nitakuja baadaye."

Siku nyingine angecheka. "Leta ya kikazi," alisema.

"Mgonjwa namba arobaini na moja."

"Weka mezani."

"Siweki."

"Huweki kwa nini?"

"Mstari wa msindikizaji mtupu." Alisema kwa raha kidogo, kama mtu aliyesubiri siku hiyo kwa muda mrefu. "Mwezi uliopita ulinirudishia bahasha tatu kwa sababu neno la uhusiano halikusomeka. Ukaniambia mbele ya maabara nzima, 'Bwana Vioo, hiyo si karatasi, huyo ni mtu.' Leo na mimi nakurudishia."

"Nitaujaza. Nipe."

"Na hilo ndilo dogo." Raha ikamtoka usoni. Alivuta kiti cha wagonjwa, kile kile alichotoka kukikalia Daktari, akakaa. "Utafiti wako ulifunga mlango na wanawake arobaini. Vioo vyao vyote viko kabatini kwangu, nimevihesabu asubuhi hii. Huyu wa arobaini na moja katokea wapi?"

"Nimemwongeza."

"Kamati ya maadili inajua?"

Daktari aligeuza ukurasa wa faili. Lilikuwa faili la mgao wa shuka za wodini.

"Mpenzi, nakuuliza. Wakijua umeingiza mtu kwa mlango wa uani, wanafunga utafiti wote. Wale arobaini wataambiwa nini? Wewe ni mtu wa kugombana na mimi kwa nukta! Ni nani huyu? Ndugu wa mkubwa? Umelazimishwa?"

"Ni mtu aliyeogopa."

"Wote wanaogopa," alisema, na sauti ikashuka. Akaigeuza bahasha mikononi. "Huyu sijui kanifanya nini. Nimemtazama tangu jana mchana. Nimemtazama mara nne."

Daktari aliacha kugeuza kurasa. Alimjua mtu wake. Kioo kisicho na neno alikitazama mara moja, akaenda kunywa chai. Chenye shaka alikitazama mara mbili, akamwita mwenzake. Kurudi mara ya tatu na ya nne kulikuwa na maana moja tu: alichokiona hakikuwa na shaka, na alikuwa akitafuta pa kukosea.

Alitaka kupiga kelele. Akauma ncha ya kalamu.

"Zamani sikuwa hivi," Bwana Vioo aliendelea, hana habari. "Kinyama kilikuwa kinyama. Siku hizi najiuliza kama ana watoto, kama ana mtu wa kumpikia. Umeniharibu wewe na viti vyako."

Simu yake ikalia. Alitazama jina, akakunja uso.

"Mama. Nisipopokea atapiga mpaka kesho."

Sauti ya mama yake haikuhitaji kipaza sauti. Ilijaa chumba.

"Mwanangu, nimesema Jumamosi tutakwenda kwa wazee wa huyo daktari wako, na nikisema nimesema. Lakini moyo haujatulia."

"Mama, tulishayamaliza haya."

"Umeyamaliza wewe. Mwanamke anashinda na wanaokufa, jioni anarudi kwako na harufu ya wodi. Mimi nimemuuguza baba yako mpaka akanifia mikononi. Niliapa mwanangu hatakaa kwenye lile benchi nililokaa mimi. Unanisikia? Hilo benchi lisikuone."

"Nakusikia, Mama. Niko kazini. Nitakupigia."

"Kazini, na najua uko wapi. Msalimie."

Simu ikakatika. Bwana Vioo akatabasamu kwa aibu.

"Amekusalimia. Hiyo ni hatua kubwa, usiidharau."

Lakini Daktari hakuwa akitazama simu. Neno benchi lilikuwa limemwingia mahali ambapo sindano ya kliniki haikufika. Aliliona benchi lenyewe, lile la mbao nje ya wodi yake, na Bwana Vioo amelikalia, vidole vyake vya zambarau katikati ya magoti, akingoja. Alikuwa ameona waume wa watu wakingoja pale miaka kumi na miwili. Aliwajua wanavyokonda.

Alitia mkono mfukoni mwa koti. Pete ilikuwa humo tangu juzi. Akaiweka mezani.

"Jumamosi usiwalete wazee wako."

Bwana Vioo alitazama pete, akatazama kidole chake kitupu. "Nini hiki?"

"Mama yako ana haki."

"Mama yangu ana hofu. Haki na hofu ni vitu viwili."

"Tuachane. Nakuomba. Usiniulize sana."

"Nisikuulize?" Alisimama, kiti kikagonga ukuta. "Miezi minane nimemlainisha mama yangu, leo umesikia salamu moja unanivulia pete? Kuna mtu?"

Daktari aliisukuma pete kuelekea kwake.

"Nakuuliza, kuna mtu mwingine?"

"Yupo," alisema Daktari, kwa kuwa ulikuwa uongo mfupi na alikuwa amechoka.

"Nani?"

Hapo uongo ukamwishia. Hakuwa na jina la kutaja. Macho yake yalikwenda yenyewe, hayakumwomba ruhusa, yakatua kwenye bahasha ya kahawia.

Kumbe alisahau anaongea na mtu anayekula kwa kutazama. Bwana Vioo aliifuata ile njia ya macho mpaka mwisho wake. Akaitazama bahasha. Akamtazama yeye, na mkono wake wa kushoto uliobanwa ubavuni tangu alipoingia.

"Inua mkono," alisema polepole.

"Upi?"

"Unaujua. Inua."

Alijaribu. Ulifika usawa wa kifua, maumivu ya lile tundu la sindano yakamkata, ukashuka.

Bwana Vioo alishika ukingo wa meza.

"Miaka thelathini na nane," alisema. "Imeandikwa kwenye fomu. Nilipoisoma nikasema, huyu umri sawa na wangu yule. Nikasema kwa sauti, peke yangu pale. Halafu nikainama nikaendelea kutazama."

"Nisamehe."

"Nilikuwa nakutazama wewe."

"Nisamehe. Sikuwa na mwingine wa kumwamini."

Alilia, hatimaye. Bwana Vioo alizunguka meza akapiga magoti, akamkumbatia kwa uangalifu upande wa kulia. Daktari aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na kibaya zaidi ni kwamba sasa waliogopa wawili.

"Niambie," alisema begani mwake. "Nimeshajua nusu. Mara nne, unadhani sikujui? Niambie yote."

"Siwezi."

"Wewe ndiye uliyesoma."

"Mimi nasoma vioo. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, hata mmoja. Ndiyo maana nilichagua kazi ya kukaa ndani."

"Basi anza na mimi."

Alifungua mdomo. Akaitazama bahasha. Kisha akasimama, akajifuta uso kwa kiganja, na sura yake ikawa ya mtu aliyekumbuka kitu.

"Hapana. Sheria yako inasemaje? Anayesoma majibu anaweza kuwa msindikizaji?"

"Hawezi. Mmoja asome, mwingine akae."

"Basi mimi nakaa." Alibandua fomu iliyobanwa juu ya bahasha bila kuyagusa majibu yaliyofungwa ndani, akaomba kalamu, akaandika jina lake, akaandika neno moja mbele yake. Akafungua mlango. "Sista Mkuu! Njoo, tafadhali. Njoo na miwani yako."

Sista Mkuu alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye miaka thelathini ya wodi na mdomo usiomwogopa waziri. Aliingia, akaitazama pete mezani, bahasha, na nyuso mbili zilizolowa. Hakushtuka.

"Nilikuwa nangoja mtu aniite," alisema. "Wiki nzima mtu anatembea kabana mkono utadhani kaficha yai kwapani. Haya Daktari, toka hapo. Hicho leo ni kiti changu."

Daktari akahama. Ilikuwa hatua sita kuizunguka meza, na kila moja ilimlemea. Akakaa kwenye kiti cha kwanza. Bwana Vioo akabaki amesimama nyuma ya cha pili, mikono juu ya egemeo, kwa kuwa kanuni ilimtaka asikae mpaka mgonjwa akubali.

Sista Mkuu alivaa miwani, akaichukua fomu. "Msindikizaji, jina tumeliona. Uhusiano." Akainua nyusi. "Hapa pameandikwa 'mume'. Ndoa mmefunga lini, mbona pilau limenipita?"

"Sista, soma tu," Bwana Vioo alisihi.

"Sisomi. Fomu hii haiandikwi uongo, aliyeitunga ndiye huyo hapo, muulize."

"Si uongo," alisema Bwana Vioo. "Ni tarehe tu haijafika."

Sista Mkuu aliigeuza miwani kwa Daktari, na sauti yake ikawa ile ya kazi, laini, ambayo Daktari mwenyewe aliifundisha kwa wauguzi wote. "Mgonjwa, unamkubali huyu akae na wewe?"

Swali hilo alilitunga yeye. Aliliandika kwa mkono, akalifuta, akaliandika tena, miaka hiyo yote, na hakuwahi kujua lina uzito gani. Akikubali, benchi lile litakuwa la mtu wake. Akikataa, atasikia peke yake.

"Na mama yako?" alimuuliza, bila kugeuka. "Na lile benchi? Umesikia alivyosema. Nikufanyie wewe hayo hayo?"

Bwana Vioo alikaza vidole juu ya egemeo.

"Sijawahi kukuambia vizuri," alisema. "Baba aliitwa ndani kusomewa majibu, Mama akaambiwa angoje nje. Baba alitoka akasema ni vidonda vya tumbo. Miezi saba tuliishi na vidonda vya tumbo. Mama alikuwa akimchemshia uji na kumgombeza kwa kutokula. Akimgombeza! Siku aliyojua, zilibaki wiki tatu. Mama halii kwa sababu alikaa kwenye benchi. Analia kwa sababu hakuna aliyemwambia aingie." Alivuta pumzi. "Usiniweke nje. Chochote kingine nitakubali. Hicho siwezi."

Saa ya ukutani iliendelea na kazi yake. Kwenye korido mtu alisukuma toroli la dawa, magurudumu yakilia.

"Namkubali," alisema Daktari.

Kiti cha pili kikalia kikipokea uzito. Mkono wenye madoa ya zambarau ukaja ukaushika wake. Ulikuwa wa baridi, na yeye hakuuachia.

Sista Mkuu alichana bahasha. Alisoma kimya, mstari kwa mstari, bila uso wake kusema neno. Kisha akaiweka karatasi chini, akamtazama machoni, akafanya kama alivyofundishwa: neno kwanza, bila kuzunguka.

"Ni saratani."

Baada ya hapo ilitakiwa kimya, na kimya kikawepo. Daktari alijua kimya hicho ni cha nini. Alikipima kwa saa mkononi, alikiandikia makala, aliwahi kusimama mbele ya ukumbi mzima wa madaktari akaeleza faida zake. Hakujua kwamba ndani yake mtu anaanguka na hakuna sakafu.

Alitazama dirishani. Pazia lilikuwa la kijani, kijani cha majani mabichi, na upande wa chini limechanika kidogo na kushonwa kwa uzi mweupe. Miaka yote hiyo lilikuwa nyuma ya mgongo wake. Midomo ya Sista Mkuu ilianza tena kusogea. Ilisogea kwa muda mrefu, kwa upole, ikisimama hapa na pale, na Daktari akaitikia kwa kichwa kila iliposimama. Aliuhesabu ule uzi mweupe. Mishono kumi na minne.

Aliposhtuka, Sista Mkuu alikuwa mlangoni, akijifuta chini ya miwani kwa ncha ya aproni. "Nawaletea chai," alisema, akatoka.

Walibaki wawili, upande mmoja wa meza.

"Amesema nini?" Daktari aliuliza. "Baada ya lile neno. Amesema nini?"

Bwana Vioo hakumwachia mkono. Kwa mkono wake mwingine aliinua bahasha ya kahawia kutoka kwenye goti. Nyuma yake yote ilikuwa imejaa mwandiko, wa kupinda, wa mtu aliyeandika bila kutazama.

"Nakusomea tangu mwanzo," alisema. "Aina yake ina dawa. Hilo kalirudia mara mbili. Imefika wapi mwilini bado hatujui, na hakuna atakayejifanya anajua. Jumatatu saa mbili, picha ya mwili mzima, usile kitu. Kesho saa tatu, kamati ya maadili, unakwenda kuwaambia mwenyewe kuhusu namba arobaini na moja, na mimi nakusindikiza. Tiba shufaa inaanza leo, si siku ya mwisho, leo. Usiku ukiogopa usiongee na ukuta, uniamshe. Jumamosi, Mama na wazee wanakuja kwenu, na Mama ataambiwa yote kabla hajakaa."

Daktari alimgeukia taratibu. Macho yalikuwa bado yamejaa.

"Hilo la Jumamosi Sista hakulisema."

"Utajuaje?" alisema Bwana Vioo, akiisogeza pete kuelekea kwake kwa ncha ya kidole. "Wewe ulikuwa unatazama pazia."